Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Historia Fupi ya Homa ya Mapafu ya Ng'ombe

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuhesabu mambo yaliyojengwa: maghala, mizani, magari na akiba. Hayo yana wasimulizi wake, nao waliotoa jasho lao wastahili shukrani. Sisi twapenda kuandika habari za jambo lisiloweza kupigwa picha, nalo ni ugonjwa usiokuwamo zizini. Ng'ombe ambaye hakuugua hana mahali pake katika daftari lo lote, wala aliyemkinga hapati mkono wa ahsante. Walakini, miaka 10 ya ushirika wetu ingekuwa na maana gani kama mazizi ya wanachama yangekuwa matupu?

Ugonjwa tunaokusudia kuueleza ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Tumeuchagua kwa kuwa ulipata kufukuzwa kabisa katika nchi yetu, ukakaa nje kwa muda wa miaka 26, kisha ukarudi. Mfugaji atakayefahamu kwa nini ulitoka na kwa nini ulirudi, atakuwa amefahamu pia ni kazi gani chama cha ushirika chaweza kuifanya, ambayo mtu mmoja peke yake, hata awe na ng'ombe elfu, hawezi. Tena, kwa kuwa wako wanachama wanaofikiri kuchimba mabwawa ya samaki, tutaonyesha mwishoni kwamba somo la zizi na somo la bwawa ni moja.

Ugonjwa wenyewe

Homa hii huletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria, kidogo mno hata miongoni mwa bakteria wenzake, kiitwacho mikoplasma. Kilioteshwa kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka 1898 na wataalamu Nocard na Roux. Kijidudu hiki hakina ukuta wa nje kama walio nao bakteria wengi. Na kwa kuwa penisilini hufanya kazi yake kwa kuuharibu ukuta huo, basi penisilini haikifanyi kitu. Hakikai muda mrefu nje ya mwili wa mnyama, hakibebwi na kupe wala mbung'o, wala wanyama wa porini sio wakienezao. Binadamu haambukizwi. Njia yake kubwa ni pumzi: ng'ombe mgonjwa akohoa, na mzima aliye karibu naye avuta hewa ile, wanapolala wamebanana zizini, au wanapokusanyika kisimani na mnadani.

Tangu siku ya kuambukizwa mpaka siku ya kuonekana dalili zaweza kupita wiki tatu, na mara nyingine miezi kadhaa. Kisha ng'ombe hupatwa na homa, huacha kula, hukohoa hasa akiamshwa asubuhi au akikimbizwa, husimama ameinyosha shingo na kuvitanua viwiko ili apate nafasi ya kupumua. Akichinjwa, kifua huonekana kimejaa maji ya manjano, na pafu, mara nyingi la upande mmoja, limekuwa gumu na lenye mistari mistari kama jiwe la marumaru. Bwana Mifugo aliyeliona pafu la namna hiyo mara moja halisahau.

Wengine hufa, wengine hupona, na hapa ndipo ilipo hila ya ugonjwa huu. Katika baadhi ya waliopona, sehemu ya pafu iliyokufa huzungukwa na ngozi ngumu, ikawa kama kifuko, na ndani ya kifuko hicho vijidudu vyaweza kuishi kwa miezi mingi. Ng'ombe huyo hula, hunenepa, huvuta plau na kupendeza macho. Siku kifuko kikipasuka, aweza kuambukiza tena. Wahenga waliposema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, hawakuwa wakizungumza juu ya ng'ombe. Lakini hakuna daktari wa mifugo aliyeeleza jambo hili kwa maneno machache kuliko wao.

Ulivyotembea duniani

Ugonjwa usiobebwa na mdudu wala na mnyama wa porini hauna miguu yake wenyewe. Husafiri kwa miguu ya biashara. Marekani uliingia mwaka 1843 pamoja na ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa katika meli huko New York. Afrika ya Kusini uliingia katika miaka ya 1850 pamoja na madume yaliyoletwa kutoka Uholanzi, ukaua ng'ombe kwa makumi ya maelfu. Australia uliingia mwaka 1858 pamoja na ng'ombe kutoka Uingereza. Kila mara palikuwa na mtu aliyenunua, tena kwa nia njema, mnyama aliyeonekana mzima.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Ubelgiji, jina lake Willems, alieleza jinsi alivyochukua maji ya pafu la ng'ombe mgonjwa na kuyachanja katika ncha ya mkia wa mzima, ili apate kinga. Wafulani wa Afrika ya Magharibi nao walikuwa na uchanjaji wao wenyewe, wakitumia kipande cha pafu juu ya pua ya ng'ombe. Marekani waliumaliza ugonjwa mwaka 1892, Uingereza mwaka 1898. Australia, yenye mbuga pana na ng'ombe wengi wasiochungwa, ilitangazwa kuwa huru mwaka 1973, yaani baada ya miaka 115.

Katika Afrika ya Mashariki, mifugo ya Wamaasai ilipigwa na homa ya mapafu katika miaka ya 1880. Kabla haijapata nafuu ikaja sotoka, katika miaka ya 1890 na 1891, ikafagia karibu kila kitu. Mzungu Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro, pwani ya ziwa Manyara na nchi ya Wairaqw mwaka 1892, alikuta watu wa njaa waliokuwa wenye ng'ombe miaka michache tu nyuma. Mara nyingi husimuliwa habari za sotoka peke yake. Yafaa tukumbuke kwamba mlango ulikuwa umekwisha kubomolewa na homa ya mapafu.

Ushindi wa mwaka 1964

Wakati wa utawala wa Waingereza mapambano yalikuwa hasa katika nchi ya Wamaasai, jirani zetu. Silaha zilikuwa mbili: karantini na chanjo. Karantini haikupendwa, kwa kuwa mnada uliofungwa ni kodi isiyolipwa, ni mahari iliyochelewa, ni mahindi yasiyonunuliwa. Chanjo nayo haikupendwa sana, kwa kuwa mara nyingine ilileta uvimbe mkubwa mahali palipochomwa sindano, na mwenye ng'ombe akadhani ameuziwa ugonjwa badala ya kinga.

Hata hivyo, katika jambo la chanjo nchi yetu ina fahari ambayo watu wachache waijua. Mbegu ya kijidudu iitwayo T1 ilipatikana hapa Tanganyika, na habari zake ziliandikwa mwaka 1952. Ilipitishwa katika mayai ya kuku tena na tena, mpaka mara 44, ili makali yake yapungue bila kupoteza nguvu ya kukinga. Chanjo itokanayo nayo, iitwayo T1/44, ndiyo itumikayo hata leo katika sehemu kubwa ya Afrika. Basi ng'ombe achanjwaye mbali sana, katika nchi ambazo hatutazifika, akingwa kwa mbegu iliyotoka Tanganyika.

Katika mwaka wa 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, nchi ilihesabiwa kuwa imeondokewa na homa ya mapafu. Ushindi huu haukuletwa na sindano peke yake. Sindano humkinga ng'ombe kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Lakini ng'ombe mwenye kovu akiruhusiwa kutembea, huwafikia ndama ambao hawajachanjwa. Ugonjwa ulishindwa kwa sababu chanjo na ulinzi wa njia za mifugo vilikwenda pamoja.

Kurudi kwake

Kizazi kizima kilikua bila kuliona pafu la marumaru. Wazee waliokuwa wakiutambua ugonjwa kwa kikohozi cha alfajiri walifariki, na vijana hawakuwa na sababu ya kujifunza. Katika miaka ya 1980 fedha za huduma za mifugo zilipungua, na mambo mengi yaliyokuwa yakifanywa na Serikali yakaanza kuachwa mikononi mwa mwenye mifugo. Kitu kisichoonekana hakina mtetezi wakati fedha zinapogawanywa.

Mwaka 1990 homa ya mapafu ilivuka mpaka kutoka Kenya na kuingia Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 1992 iliingia tena kwa mlango mwingine, kutoka Uganda, katika mkoa wa Kagera. Kutoka huko ilienea katika mikoa mingi, na mpaka leo haijang'olewa.

Sisi watu wa Mbulu na Hanang hatukuwa mbali na tukio hili. Wakati ule wilaya zetu zilikuwa katika mkoa wa Arusha, kwani mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002; na Karatu ilikuwa ingali ndani ya wilaya ya Mbulu, kwa hiyo wilaya yetu ilipakana na Ngorongoro. Moto uliwaka kwa jirani wa ukuta mmoja.

Tena, kwetu kuna desturi ambayo yataka kusemwa kwa heshima na kwa ukweli. Tangu zamani wafugaji wa nchi hii, Wairaqw, Wagorowa na Wadatoga, hawaweki ng'ombe wao wote katika zizi moja. Mtu humkabidhi rafiki au shemeji ng'ombe wawili huku, watatu kule. Anywaye maziwa hushukuru, na mwenye mali hulala usingizi, kwa kuwa ukame au wezi wakiingia upande mmoja, upande wa pili husalia. Desturi hii imewaokoa wazee wetu mara nyingi, nayo ni ushirika kabla ya jina la ushirika kujulikana. Lakini ng'ombe mwenye kovu akiingia katika mtandao huo, njia zile zile zilizosambaza salama husambaza maradhi. Hatusemi desturi iachwe. Twasema ng'ombe asitoke zizi moja kwenda jingine kabla Bwana Mifugo hajajua, wala kabla hajakaa peke yake kwa muda.

Na tuseme ukweli wetu wote. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kununua ndama jioni, mnada ukivunjika, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili, asiulize alikotoka? Ni nani ambaye hajapata kupita njia ya kichakani ili kukwepa kizuizi na ada ya kibali? Ni nani ambaye, akiona ng'ombe anakohoa, hakumchoma sindano ya dawa ya dukani ili apate nguvu ya kufika sokoni? Dawa hizo zaweza kupunguza makali, lakini aliyetulizwa kwa sindano aweza kubaki na kifuko kifuani, akauzwa kama mzima. Hakuna mgeni aliyetufanyia hayo. Tumeyafanya wenyewe, na hasara imekuwa ya jirani kabla haijawa yetu.

Kwa nini sotoka imekwisha

Mwanachama mmoja aweza kuuliza: mbona sotoka imekwisha? Ni kweli. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote mwaka 2011, kwa kutumia zaidi chanjo iliyotengenezwa na Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Lakini adui hawa wawili hawalingani. Ng'ombe aliyechanjwa sotoka sawasawa alikingwa maisha yake yote, naye aliyepona sotoka hakubaki akiificha mwilini. Homa ya mapafu ni kinyume: kinga yake ni fupi, na apokaye huenda akabaki na adui kifuani. Kwa sotoka, sindano ilikuwa nusu kubwa ya kazi. Kwa homa ya mapafu, nusu kubwa ya kazi ni mwenye ng'ombe mwenyewe.

Botswana ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Ilikuwa huru tangu mwaka 1939. Mwaka 1995 ugonjwa uliingia Ngamiland kutoka Namibia, na mwaka 1996 Serikali ikaamua kuchinja ng'ombe wote wa eneo hilo, wapatao 320,000. Ugonjwa ulikwisha, lakini mazizi nayo yalikwisha. Kila mmoja wetu na ajiulize kama angeliweza kuitazama siku hiyo. Ukali huo ndio gharama ya ufa usiozibwa.

Zizi na bwawa

Sasa twaja kwa samaki. Ufugaji wa perege katika mabwawa ulianza kujaribiwa nchini mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Wako wasemao kwamba samaki hawana shida kama ng'ombe. Wasidanganyike. Majini pia wamo bakteria, kama wale wa jamii ya aeromonasi, waletao vidonda vya ngozi, kuvimba tumbo na kuoza kwa mapezi, hasa samaki wanapobanana, maji yanapochafuka, au wanapojeruhiwa katika kuvuliwa na kusafirishwa. Tena samaki mgonjwa hafungwi kamba pembeni. Maji yamguasayo ndiyo yawaguasayo wenzake wote.

Tazameni habari za Norwe, nchi yenye ufugaji mkubwa wa samaki aina ya samoni. Mwaka 1985 wafugaji wake walileta samoni wachanga kutoka Scotland, na pamoja nao ukaja ugonjwa wa bakteria uitwao furunkulosi, wenye kuleta majipu. Katika miaka michache ulienea mashamba mamia. Wafugaji walimimina dawa majini kwa tani. Mwaka 1987 peke yake nchi ilitumia tani zipatazo 48 za dawa za kuua bakteria katika samaki. Mwisho walipata chanjo iliyofaa, wakaichoma samaki mmoja mmoja. Wakatenga samaki wa mwaka huu na wa mwaka jana. Wakaacha mahali pa kufugia pakae patupu kabla ya kuweka wapya. Kabla ya mwaka 2000 dawa zilikuwa zimeshuka chini ya tani 2 kwa mwaka, ingawa samaki walikuwa wengi mara nyingi kuliko mwanzo.

Sisi hatuna mitambo yao, lakini kanuni zao zinawezekana kwa jembe. Nunua vifaranga vya samaki mahali panapojulikana. Usimwage katika bwawa maji yaliyowaleta. Usiazime wavu wa jirani bila kuuosha na kuukausha juani. Baada ya kuvuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, tia chokaa, ndipo ujaze maji. Samaki wakianza kufa, usiwahamishie bwawa la pili wala usiwauzie wengine mbegu, bali mwite mtaalamu. Atakayelinganisha maneno haya na habari za ng'ombe ataona kwamba tofauti ni maji tu.

Yatupasayo

Serikali ina sehemu yake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 yatoa uwezo wa kuweka karantini na kuzuia mwendo wa mifugo, na sheria ya mwaka 2010 yataka mifugo itambuliwe na kusajiliwa ili ijulikane ilikotoka. Mwaka 2025 ilianzishwa kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na homa ya mapafu ni ugonjwa uliowekwa mbele kwa upande wa ng'ombe. Haya ni mema. Lakini hakuna askari wa kutosha kuwekwa katika kila njia ya kichakani kutoka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Basotu na Yaeda.

Hapo ndipo ilipo kazi ya ushirika. Chama cha msingi chajua nani amenunua ng'ombe na lini, kuliko ofisi yo yote. Chaweza kuafikiana siku moja ya chanjo kwa kijiji kizima, ili asibaki ndama hata mmoja wa kuwa kuni za moto. Chaweza kutenga zizi la wageni, ambamo kila ng'ombe aliyenunuliwa atakaa na kutazamwa kabla ya kuchanganywa na wengine. Na zaidi ya yote, chaweza kumwondolea mtu mwaminifu hasara ya uaminifu wake. Kwa maana leo, atoaye taarifa ya ng'ombe akohoaye hujifungia soko yeye na jirani zake, naye anyamazaye huuza. Maadamu mkweli ndiye apataye hasara, ugonjwa utapata pa kujificha. Chama kikiweka akiba ndogo ya kumsaidia aliyefungiwa zizi kwa ajili ya wenzake, kitakuwa kimefanya jambo ambalo karantini peke yake haikuweza.

Wanachama wenzetu, mwaka 1964 wafugaji waliotutangulia walitukabidhi nchi safi, na mikononi mwetu ikachafuka tena. Hatuna haki ya kuwakabidhi watoto wetu chini ya kile tulichopokea. Katika miaka 10 ijayo na tuone fahari kwa maghala na magari yetu. Lakini tuone fahari kubwa zaidi kama atakayeandika juu ya homa ya mapafu wakati huo atakosa habari mpya, akalazimika kuuliza wazee kikohozi cha alfajiri kilikuwaje.